Kabla Hujalipia Baiskeli ya Milimani

Leo tunazungumzia baiskeli ya milimani, na nawalenga hasa wale wanaotaka kuinunua kwa fedha za jasho lao: kijana anayeongoza watalii kule Lushoto au Marangu, mwalimu ambaye shule yake iko mlimani na nyumba yake iko bondeni, mfanyakazi wa Arusha anayetamani Jumamosi asubuhi aingie njia za vumbi chini ya Mlima Meru. Nina rai moja kwao. Kabla hujachagua baiskeli, chagua duka. Na duka lenyewe usilipime kwa wingi wa mali iliyoning'inizwa ukutani, lipime kwa fundi wake.

Nianze na baiskeli zisizofaa, maana ndizo nyingi. Pita mtaa wa maduka ya baiskeli katika mji wowote wa kwetu utaziona zimepangwa barazani: matairi manene yenye meno, rangi za kuwaka, shokapu mbele na shokapu nyingine nyuma, giya 21, na bei inayokufanya utie mkono mfukoni papo hapo. Subiri kidogo. Sogea, uinue moja. Utakuta inakaribia kilo 20, kwa sababu fremu ni ya chuma cha kawaida, na ile shokapu ya nyuma ni springi tupu, haina mafuta wala hewa ya kuituliza. Ukipita kwenye shimo, springi hiyo inakurusha juu. Angalia rimu: zikiwa za chuma cheupe kinachong'aa, ujue mvua ikinyesha breki za mpira zitateleza juu yake.

Kisha tazama foki. Nimewahi kukuta dukani baiskeli mpya kabisa, nailoni bado imezungushwa kwenye fremu, na foki imefungwa kinyumenyume. Ekseli ya gurudumu la mbele imerudi nyuma, na breki ya mbele, badala ya kutazama barabara, inatazama fremu. Baiskeli ya namna hiyo, ukikata kona ncha ya kiatu inagonga tairi, na usukani hauitiki inavyotakiwa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekabidhiwa spana bila kufundishwa, na hakuna aliyekuja nyuma yake kukagua. Mteja angeilipia, angeondoka nayo, na siku ya kuanguka angejilaumu mwenyewe kwamba hajui kuendesha.

Baadhi ya baiskeli hizi zina kibandiko kidogo kwenye fremu, kimeandikwa kwa Kiingereza, kinachoonya kwamba zisitumike nje ya barabara ya kawaida. Mtengenezaji ameshasema ukweli wake. Muuzaji anayejiheshimu angekusomea kibandiko hicho kabla hujauliza bei.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone chombo hiki kilitoka wapi, maana asili yake inatufundisha namna ya kukinunua. Miaka ya 1970, katika Marin County, kaskazini mwa San Francisco huko California, vijana walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi mapana, nyingine za tangu miaka ya 1930, wakizipandisha kwenye vilima vinavyouzunguka Mlima Tamalpais na kushindana kuteremka. Mashindano waliyoyaita Repack yalianza mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax: njia ya mawe na vumbi yenye urefu wa kilomita 3 hivi, inayoshuka karibu mita 400. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ile ya kukanyaga pedeli kinyume. Wakifika chini, grisi ya habu ilikuwa imeshaungua na kutoa moshi. Kila baada ya mteremko walilazimika kuifungua habu, kuisafisha na kuipaka grisi upya.

Waliofanya kazi hiyo ndio hao hao waliobuni kitu bora zaidi. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mahsusi kwa njia za mlimani. Tom Ritchey akaunda fremu nyingine ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuziuza mwaka 1979. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi nchini Japani, na hapo mtu wa kawaida akaweza kuingia dukani na kutoka na baiskeli ya milimani. Kufikia mwaka 1996 mchezo wake ulikuwa umeingia kwenye Olimpiki, kule Atlanta. Kwa hiyo baiskeli hii imetoka karakana, na mpaka leo haipendi kukaa mbali na karakana.

Hapo ndipo inapotofautiana na baiskeli tulizokulia. Phoenix, na Swala wanayoikumbuka wazee, iliyotengenezwa hapa nchini, zilimvumilia fundi yeyote. Fundi wa kijijini, chini ya mwarobaini, akiwa na spana mbili, nyundo na kipande cha tyubu, aliweza kukurudisha barabarani kabla jua halijazama. Mafundi hao nawapa heshima yote. Wamebeba uchumi wa vijiji vyetu kwa miongo mingi. Lakini mpelekee baiskeli ya milimani yenye fremu ya alumini na breki za mafuta, na nyundo yake haitakuwa na pa kugonga. Anahitaji funguo za pembe sita, anahitaji spana inayopima nguvu ya kukaza ili bolti isikate nyuzi za alumini, anahitaji kujua kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha pedeli ya kulia. Hili la pedeli linaonekana dogo. Hata hivyo ndilo lililoharibu mikono mingi ya pedeli: mtu anailazimisha ya kulia iingie kushoto, nyuzi zinasagika, na wiki mbili baadaye pedeli inang'oka katikati ya mlima.

Baiskeli nzuri hufika dukani ndani ya katoni, imefungwa nusu. Yanayofanyika kati ya katoni na wewe ndiyo unayoyalipia unapokubali bei ya juu kidogo ya duka lenye fundi. Fundi anayejua kazi ataweka magurudumu kwenye stendi na kukaza spoku moja moja mpaka rimu izunguke bila kuyumba. Atapaka grisi nyuzi za pedeli na nguzo ya siti, ili mwakani zikubali kufunguka. Ataangalia beringi za usukani zisiwe zimebanwa mno wala kulegea. Ataipanda mwenyewe kabla hujaipanda wewe. Mwombe akufungulie mlango wa karakana yake uone. Duka lisilotaka uone karakana, mimi singeliachia fedha yangu.

Fundi huyo huyo ndiye atakayekupima. Baiskeli hizi zina saizi kama viatu, na watu wengi wanauziwa iliyopo dukani kwa sababu ndiyo iliyopo. Simama juu ya bomba la fremu, miguu yote miwili chini, umevaa viatu utakavyoendeshea. Lazima pabaki nafasi ya kutosha kati yako na bomba, angalau sentimita 5, kwa sababu mlimani utasimama ghafla na pengine juu ya jiwe. Kisha kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukinyoosha mikono kwenye usukani usijikute umelala kifudifudi. Kama wewe ni mfupi, magurudumu ya inchi 27.5 yanaweza kukufaa kuliko yale ya 29 ambayo sasa yamejaa sokoni. Na wazazi, nawaomba sana: msimnunulie mtoto baiskeli kubwa ili aikulie. Mtoto asiyefikisha miguu chini hawezi kujifunza kusimama, na kusimama ndilo somo la kwanza la mteremko.

Tukija kwenye breki, hapa nitakaa kidogo, maana mlima unapandwa kwa mapafu lakini unateremkwa kwa breki. Baiskeli nzuri ya milimani ya leo ina breki za diski, na hizo ziko za aina mbili. Kuna zinazovutwa kwa waya, na kuna zinazosukumwa kwa mafuta. Za mafuta ni tamu: kidole kimoja kinatosha kuisimamisha baiskeli yote, na vidole vingine vinabaki vimeshika usukani. Ila uliza swali moja dukani, na uandike jibu lake: breki hizi zinatumia mafuta gani? Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM zimekuwa zikitumia mafuta ya DOT, jamaa ya yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Mafuta hayo mawili hayapatani. Ukitia DOT ya gari kwenye breki ya Shimano, mipira ya ndani inavimba, mkono wa breki unakuwa laini, na siku moja unaubana mpaka unagusa usukani na baiskeli haisimami. Makosa haya yanatokea sana kwetu kwa sababu mafuta ya gari yapo kila mahali na yale mengine hayapo. Duka linalokuuzia breki za mafuta lakini halina chupa ya mafuta yake wala mabomba ya kutolea hewa limekuuzia nusu ya kitu.

Ushauri wangu kwa anayeishi mbali na mji, tuseme Mambo kule Usambara au milimani Upareni, ni achukue breki za diski za waya. Waya ukikatika, fundi yeyote atapata mwingine na kuufunga kwa dakika chache. Hutakuwa na ule utamu wa kidole kimoja, lakini utafika nyumbani.

Giya nitazipitia kwa haraka. Watu wanahesabu idadi, wanafurahia 21 au 24, ilhali baiskeli nyingi bora za sasa zina gurudumu moja tu la meno mbele na sproketi 10, 11 au 12 nyuma. Usihesabu, soma jina. Kwa Shimano, Tourney iko chini kabisa, ikifuatiwa na Altus, Acera na Alivio, kisha Deore, na juu yake SLX, XT na XTR. Anayekwenda mlimani kila wiki aanzie Deore kama mfuko unaruhusu. Akishuka kidogo hapo hajafanya vibaya, mradi matunzo yawepo. Tourney iache ibaki barabarani.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Dereila ya nyuma, ile inayohamisha mnyororo, haikufungwa moja kwa moja kwenye fremu. Imeshikiliwa na kipande cha alumini laini, kidogo kuliko kiganja, kilichotengenezwa makusudi kipinde au kivunjike baiskeli ikianguka, ili fremu ipone. Shida ni kwamba karibu kila aina ya baiskeli ina umbo lake la kipande hicho. Kikivunjika huku kwetu, baiskeli ya mamilioni inaweza kukaa sebuleni miezi ikisubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Siku ya kununua, nunua na cha akiba. Kama muuzaji hajui unaongelea nini, umeshapata jibu kuhusu duka hilo.

Magurudumu nayo yana mambo ya kwetu. Angalia valvu. Zikiwa nene kama za gari au pikipiki, pampu ya kituo chochote cha mafuta itakufaa. Zikiwa nyembamba zenye kinati kidogo juu, beba adapta yako, maana kijana wa pancha barabarani hatakuwa nayo. Na kuhusu miiba: anayeendesha kwenye migunga, kule Simanjiro au kuzunguka Naivasha, afikirie tairi za tyubulesi zenye gundi ya maji ndani. Mwiba ukiingia, gundi yenyewe inaziba tundu huku ukiendelea kukanyaga. Gundi hukauka baada ya miezi michache kwenye joto letu, kwa hiyo uliza kama duka linaiuza na kama fundi anaiongeza. Upepo usijaze kama wa baiskeli ya mizigo. Tairi pana la mlimani likijaa sana linarukaruka juu ya mawe na kukunyima mshiko.

Sasa mtumba. Wapo watakaosema, haya yote ni ya wenye nacho. Siyo kweli kabisa. Makontena yanaleta baiskeli zilizotumika Japani na Ulaya, na ndani yake zimo Giant, Trek na nyinginezo zenye fremu bora kuliko mpya za barazani nilizozisema mwanzo. Kwa fedha ile ile, mimi ningechukua mtumba mzuri wa alumini wenye Deore, nikabadilisha mnyororo, tairi na waya, na ningekuwa nimepata chombo cha miaka. Lakini mtumba unataka jicho. Anza na pale bomba la mbele la fremu linapokutana na mabomba mengine: ukiona mstari mwembamba kwenye rangi karibu na mchomeleo, kama unywele, acha. Huo ni ufa, na alumini iliyopasuka haiaminiki tena kwa kuchomelewa mtaani. Shika mikono ya pedeli uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha, jambo linalorekebishika. Tazama miguu inayong'aa ya shokapu ya mbele: mikwaruzo mirefu inakata sili na kuvujisha mafuta. Fremu ya kaboni ya mtumba, kwa maoni yangu, ipite tu, kwa sababu ufa wake unaweza kujificha ndani bila jicho kuuona.

Mnyororo unapimwa kwa rula ya kawaida ya futi moja, na hakuna fundi asiyekuwa nayo. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja. Pini ya 24 baada ya hiyo inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu hivi, mnyororo umechoka. Ikizidi kwa milimita 3, mnyororo umeshakula na sproketi, nazo zitabadilishwa pamoja, kwa hiyo bei ishuke kwa kiasi hicho. Na kama magurudumu ni ya inchi 26, jua kwamba tairi zake bado zipo, ila shokapu na rimu nzuri za saizi hiyo zinazidi kuwa adimu.

Halafu pindua baiskeli uangalie chini, pale mikono ya pedeli inapopita kwenye fremu. Mara nyingi hapo pana namba. Ikiwa imesuguliwa au kupigwa rangi juu, hata bei ikiwa ya kutupa, rudisha baiskeli chini na uondoke. Kuna mtu mahali fulani anaitafuta.

Kwenye bei, tunajuana. Mteja ataanza: "Kaka, hapa mwisho ngapi?" Na mwenye duka atajibu: "Dada yangu, wewe sema una ngapi." Endeleeni hivyo, ni haki yenu. Ila usitumie nguvu zako zote kukata shilingi za mwisho kutoka mfukoni mwa fundi. Bei ikishafika mahali pazuri, omba vitu: matengenezo ya kwanza bure, kile kipande cha dereila, tyubu mbili, na punguzo la helmeti. Mwenye duka atakubali kwa urahisi zaidi, nawe utakuwa umepata sababu ya kurudi. Dai risiti ya EFD, na namba ya fremu iandikwe juu yake. Ikiibiwa, polisi watahitaji hiyo namba.

Kabla hujatoa fedha, ipande. Siyo kuzunguka mbele ya duka. Tafuta mlima, hata ule mfupi wa kuelekea barabara kuu. Panda ukiwa umesimama, badilisha giya polepole, sikiliza kama mnyororo unaruka. Teremka, bana breki ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, uone kama zinavuta sawasawa. Diski mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zinahitaji kubanwa mara nyingi mpaka zizoeane na pedi zake, na fundi makini atakuwa ameanza kazi hiyo.

Baada ya mwezi hivi rudi dukani. Waya mpya zitakuwa zimelegea, spoku zitakuwa zimejipanga upya, bolti nyingine zitakuwa zimepoteza kidogo ya ukazo wake. Hayo ni ya kawaida kwa kila baiskeli mpya, ya bei yoyote. Fundi mzuri hatakimbilia spana. Atakuuliza ulipita wapi: vumbi jeusi la Meru, tope la masika kule Usambara, au lami. Anauliza kwa sababu mafuta ya mnyororo kwenye vumbi siyo yale ya kwenye tope, na atataka kujua kama uliiosha kwa mpira wa maji wa karakana ya magari, unaosukuma mchanga mpaka ndani ya beringi. Ukimpata anayeuliza hivyo, chukua namba yake ya simu, naye mwachie yako.